Fundi Koki Hakukanyaga Chini

Siku Fundi Koki aliporudi mtaani kutoka hospitali, jirani mmoja alikuja kumwona akiwa amevaa suti nyeusi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesikia kwamba fundi ana saratani ya utumbo, akaona heri suti ipigwe pasi mapema kuliko kukimbizana na pasi siku yenyewe. Alipomkuta mwenyewe ameketi sebuleni anakaza feni iliyolegea, alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Karibu, jirani," Koki alimwambia. "Ingia tu. Marehemu anakunywa chai."

Koki ni fundi bomba, mfupi, mwenye viganja vipana kama sahani na mdomo usio na mlango. Kwa miaka mingi aliingiza mkono mahali ambapo wenzake hawaingizi hata macho, na kila alichokitoa huko alikitangaza: nyumba gani imeziba, imezibwa na nini, na mwenye nyumba alipoona alisema nini. Mtaa mzima ulicheka. Waliochekwa walisubiri zamu yake ifike.

Zamu ilifika, ila mtaa haukuambiwa yote. Daktari wa upasuaji alikuwa amemchorea kwenye karatasi jinsi uvimbe ulivyokaa mwishoni kabisa mwa utumbo, na jinsi atakavyoukata. Koki alichukua kalamu mkononi mwa daktari, akageuza karatasi upande wake.

"Yaani unaziba njia ya nyuma, halafu unalitoa bomba hapa mbele."

"Ndiyo."

"Koki unaweka wapi?"

"Hakuna koki. Linabaki wazi."

"Basi, daktari, ungekuwa fundi wangu nisingekulipa."

Alifanyiwa hivyohivyo, na akapona. Upande wa kushoto wa tumbo lake palibaki kitundu chekundu chenye unyevu, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno. Juu yake hubandikwa bamba la kunata, na kwenye bamba huning'inia mfuko. Kila kitu hutokea hapo, kwa wakati kinaoupenda chenyewe. Koki alikiita kitundu hicho Mheshimiwa, kwa sababu kinazungumza muda wowote, hakinyamazishwi, na kitakachotoka mdomoni mwake unakijua kabla hakijatoka.

Waliomjua Mheshimiwa walikuwa wawili tu: mke wake, na Sista, muuguzi wa wodi aliyemfundisha kubadilisha mifuko. Mtaa uliambiwa "operesheni ya tumbo," na hapo habari ikafungwa. Koki alikuwa na sababu. Mtaani kwao kulikuwa na mzee aliyewahi kuteleza, ujanani mwake, akatumbukia kwenye shimo la maji machafu. Alitoka, akaoga, akaoa, akajenga, akasomesha. Hadi leo anaitwa Shimo, na wajukuu zake huitwa wa Shimo. Aliyelieneza jina hilo ni Koki. Aliujua mtaa wake kama fundi anavyolijua bomba alilolilaza mwenyewe.

Tatizo ni kwamba Mheshimiwa hakuafiki kufichwa, na mahali alipopenda zaidi kuhutubia ni dukani kwa Misumari.

Misumari ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mrefu, mkavu, anayemuuzia Koki vifaa na kubishana naye bei ya kila kimoja. Duka lenyewe ni jembamba kama ujia wa basi, mipira ya maji imeviringwa darini, makopo ya rangi hadi juu, na kaunta ya mbao ambayo wateja huiegemea wakisubiri chenji. Mara ya kwanza Mheshimiwa alipozungumza pale, alitoa sauti ndefu, yenye kona. Wateja walikuwa watatu. Wote waligeuka.

Koki hakupepesa macho. Aligeuza shingo polepole, akamtazama Misumari kwa macho ya mtu anayemsamehe mwenzake. Wateja wakayafuata macho yake.

"Nini?" Misumari aliuliza.

"Hakuna neno, bwana," Koki alimjibu kwa upole. "Ni maumbile."

Ikawa desturi. Mheshimiwa akisema, Koki humtazama Misumari, na duka zima humtazama Misumari. Mwenye duka akaanza kujishuku. Mtu akiambiwa kila siku kwamba ni yeye, mwisho huona labda kweli ni yeye, ila hasikii. Akaacha maziwa. Akaacha vitunguu. Akanunua dawa chungu ya tumbo, akawa anaimeza nyuma ya makopo ya rangi huku amekunja uso. "Ongeza kipimo," Koki alimshauri. "Mimi mwenyewe tumbo limenifundisha."

Habari ya baiskeli ilianzia chooni. Siku za kliniki Koki alikuwa akitumia choo cha wodi, na choo cha wodi kilikuwa kimoja, cha kuchuchumaa, kwa wagonjwa wote waliokatwa matumbo. Mwenye mfuko hahitaji kuchuchumaa. Anahitaji kusimama, awe na sinki la choo lililoinuliwa karibu na kiuno, bomba la maji pembeni, na ubao wa kuwekea vitu vyake. Pale alipata tundu sakafuni na mlango usio na kitasa. Siku moja alimkuta bibi mmoja mle ndani, amezuia mlango kwa mguu mmoja, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na pindo la gauni ameliuma kwa meno ili aone mfuko wake. Koki, ambaye hakuna choo kilichowahi kumnyamazisha, alirudisha mlango na kwenda kukaa kwenye benchi bila kusema kitu.

Akamfuata mkuu wa hospitali. Mkuu alikuwa muungwana: nafasi ipo, nyuma ya wodi. Kibali kipo. Vifaa hakuna. Sista ndiye aliyemwambia kwamba marafiki wa hospitali huandaa mbio za baiskeli za hisani, kilomita sabini, na kila mwendeshaji hutafuta wafadhili wake mwenyewe na kuchagua anawachangia nini wagonjwa.

"Lakini wewe, baba, bado hujapata nguvu sawasawa," alisema.

"Nguvu nitazipata njiani. Wafadhili ndio nitawatafuta."

Alianzia dukani kwa Misumari, mbele ya kaunta iliyojaa watu.

"Choo?" Misumari aliuliza.

"Choo. Cha wagonjwa."

"Unaendesha baiskeli kilomita sabini kwa ajili ya choo."

"Wengine wanaendesha kwa ajili ya medali. Medali huwezi kuikalia."

Watu walicheka, na Misumari, ambaye hapendi kuchekeshewa wateja ndani ya duka lake, alipandwa na ubishi. "Wewe Koki ukipanda ngazi kwenda darini unapumzika mara mbili. Sikilizeni nyote! Akimaliza hizo sabini nampa masinki manne, mabomba yote, na tangi juu. Lakini!" Aliinua kidole. "Asishuke. Akikanyaga chini hata kwa dole gumba, mimi nimetoka. Na asisukumwe. Nitamfuata na pikipiki yangu, nione kwa macho yangu."

"Na mimi natoa vigae, na mikono yangu ya kuvibandika," alidakia Fundi Vigae, ambaye kwa kutoaminiana alimpita hata Misumari. "Kwa masharti hayohayo. Ashuke tu kidogo, nimeponea."

Mtaa ule haukuwa na ukarimu wa kupita kiasi, lakini ulikuwa na ubishi, na Koki aligundua kwamba ubishi, ukiugonga vizuri, hutoa zaidi kuliko huruma. Alipita mbele ya karakana ya seremala akikohoa, akaondoka na ahadi ya milango. Aliegemea ukuta wa mfyatua matofali kama mtu anayetafuta pumzi, akaahidiwa matofali. Kadiri alivyochechemea ndivyo choo kilivyopanda. Ahadi zote zilifungwa na kamba moja, sharti la Misumari: asikanyage chini.

Sasa Mheshimiwa hajui masharti. Mwenye mfuko husimama njiani, huumwaga mahali pa faragha, huendelea na safari yake. Sista alimweleza hivyo, taratibu.

"Unashuka tu, baba, unamwaga, unaendelea."

"Siruhusiwi kushuka."

"Aliyekukataza ni nani?"

"Misumari."

"Ana cheo gani hapa hospitalini?"

"Ana masinki."

"Basi mwambie ukweli kwamba una mfuko. Atakuelewa."

"Sista," Koki alisema, "mtaani kwetu kuna mtu anaitwa Shimo."

Akarudi nyumbani akafanya kile ambacho fundi bomba peke yake angekifanya. Alichukua mpira mwembamba, akauingiza kwenye mdomo wa chini wa mfuko, akaubana kwa klipu ya chuma aliyoinunua kwa Misumari. Akaupitisha mpira ndani ya suruali, kwenye paja, nyuma ya goti, hadi kwenye kifundo cha mguu, na hapo akafunga koki ndogo ya plastiki. Mfuko ukijaa, mwendeshaji anainama kidogo, anafungua koki, barabara inapokea, safari inaendelea. Aliufanyia majaribio bafuni, kwa uji mwepesi, akiwa amesimama wima. Uji ulishuka bila kusitasita.

Mke wake alimkuta pale, suruali imekunjwa, uji unamtiririka mguuni. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyepaza sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Majaribio."

"Niliolewa na mwanamume. Sasa nina mfereji."

"Mama watoto, hii kazi ni yangu. Mteremko upo, klipu imeshika, koki haivuji."

"Sista anasemaje?"

"Sista ni muuguzi. Hii ni habari ya mabomba."

"Hiyo ni habari ya tumbo," alisema mkewe, akaenda kusahihisha madaftari.

Asubuhi ya mbio waendeshaji walikusanyika kwenye uwanja wa hospitali, vijana wenye miguu kama nguzo na kaptula za kubana. Koki alivaa suruali ndefu. Waandaaji walikuwa wamepika maharage ya kuwatia watu nguvu. Mkewe alikuwa amemwonya asiyaguse. Alikula sahani, kisha, kwa kuwa yalikuwa ya bure, akala nyingine.

Kuhusu kiti cha baiskeli, ambacho wanaume wengine walikilalamikia tangu kilomita za kwanza, Koki alikuwa na nafuu yake: huko nyuma palishashonwa, pakapona, pakawa pagumu kama ngozi ya ngoma. Alikaa akatulia. Misumari alimfuata kwa pikipiki, miwani ya jua usoni, akimtupia maneno.

"Koki! Wenzako wameshapotea. Unawasindikiza kwa sala?"

"Mwenda pole hajikwai, bwana."

"Pale mbele kuna kivuli kizuri. Shuka upumzike, turudi tukanywe soda."

"Wewe tangulia, ukaniagizie."

Hadi nusu ya safari na kidogo mbele, mambo yalikuwa mazuri. Kisha kikaja kilima, na maharage yakaja nacho. Koki alisikia joto likikusanyika tumboni. Akainama, akafungua koki ya mguuni. Hakikutoka kitu. Akaifungua zaidi. Hakikutoka hata tone. Hapo, katikati ya mlima, huku anakanyaga kwa nguvu zake zote, fundi akaliona kosa lake, na lilikuwa kosa ambalo angemfukuzia msaidizi. Bafuni alikuwa amesimama. Juu ya baiskeli goti hukunjwa na kukunjuliwa bila kukoma, na mpira uliopita nyuma ya goti ulikuwa umekunjika nalo hadi ukaziba kabisa. Tena, kwa kuipenda klipu yake, alikuwa ameubana mfuko usitoe hata hewa. Kila tangi alilowahi kufunga maishani mwake alilitobolea tundu la pumzi. Tumbo lake mwenyewe alilisahau.

Shati lilianza kuinuka.

"Umenenepa ghafla," Misumari alisema akimpita ubavuni. "Au ni upepo?"

"Endesha, bwana."

Karibu na kilele kilisikika kishindo.

"Pancha!" Misumari alipiga kelele kwa furaha isiyofichika. "Pancha hiyo! Shuka!"

Koki aliendelea kukanyaga. Misumari alitazama gurudumu la nyuma, limejaa. Akatazama la mbele, limejaa.

"Sasa kilichopasuka ni nini?"

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwa Koki kwenda kwa Misumari, na ukamjibu. Misumari alivua miwani.

"Koki, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu. Ndiyo masharti."

Juu ya kilima palikuwa na uwanja mdogo wa changarawe, mbele ya ghala lililofungwa. Koki aliingia pale akaanza kuzunguka polepole, duara baada ya duara, kwa sababu akisimama ataanguka, akianguka amekanyaga. Suruali ilikuwa imebadilika rangi hadi gotini. Misumari alizima pikipiki.

"Wewe mgonjwa. Shuka."

"Sishuki."

"Shuka nakwambia, unatoka... unatoka vitu!"

Koki alizunguka duara zima kabla ya kujibu. Alimwona mzee Shimo, na wajukuu wa Shimo. Alimwona bibi aliyeuma gauni lake kwa meno.

"Njia ya nyuma walinifunga," alisema. "Nina mfuko huku mbele. Mfuko ndio uliopasuka."

"Tangu lini?"

"Tangu ile operesheni."

Misumari alitazama chini, akahesabu kitu kichwani, na uso wake ukaanza kukunjamana kama wa mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ile sauti dukani."

Koki alizunguka.

"Koki! Ile sauti dukani!"

"Samahani, bwana."

"Mke wangu amenihamishia chumba cha watoto! Nimeacha maziwa! Nimeacha vitunguu, mimi, mtu mzima! Nimekunywa dawa ile chungu..."

"Nilikuona."

"Ulinishauri niongeze kipimo!"

"Nilikuonea huruma."

Kisha mabega ya Misumari yakaanza kutikisika, na Koki hakujua ni hasira au ni nini hadi kicheko kilipotoka, kile cha kukosa pumzi, mtu amejishika magoti. Koki naye akacheka, baiskeli ikayumba, nusura mguu ugonge chini.

"Angalia mguu!" Misumari alifoka, kicheko kimemkatika. "Angalia mguu wewe!"

Wakatazamana, wote wawili wakishangaa nani amesema hivyo.

"Mimi nikikusamehe," Misumari alisema, "yule Fundi Vigae hatakusamehe. Anasubiri kidole chako kama paka mlangoni mwa panya. Na seremala vilevile. Nikiwaambia ulishuka, choo kimekwenda. Nikiwadanganya, watajua, sijui kudanganya, ndiyo maana duka langu halikui." Akaenda akasimama katikati ya duara, akatanua miguu kama golikipa. "Usishuke. Njoo hapa."

Alimdaka. Mkono mmoja usukani, mwingine nyuma ya kiti, akaisimamisha baiskeli wima, Koki bado juu, miguu kwenye pedali.

"Sikusukumi," alisema, uso ameugeuzia ukutani. "Nimekushika tu. Kushika hatukukutaja. Haya, fanya mambo yako, na ufanye haraka, mimi nina pua."

Koki alifungua kikoba cha chini ya usukani, alimoweka spana na viraka vya mpira. Hamkuwa na spana wala kiraka. Mlikuwa na mfuko mpya, bamba ambalo tundu lake limeshakatwa kwa kipimo cha Mheshimiwa, vitambaa vyenye maji, na mfuko wa kutupia taka. Mkewe hakuweka hata kipande cha karatasi. Angeandika nini ambacho Koki hakukijua?

Akavua shati. Akaanza kufungua mtambo wake.

"Subiri," Misumari alisema, jicho moja limeponyoka. "Hiyo klipu ni yangu."

"Ni yako."

"Nilikuuzia ya mpira wa bustani!"

"Na imeshika vizuri sana. Kilichopasuka ni mfuko."

"Hukuweka tundu la pumzi?"

"Nilisahau."

"Kila tangi lina tundu la pumzi! Fundi mzima!"

"Najua, bwana. Na goti nalo limeniziba mpira. Unaweza kunitukana baadaye? Sasa hivi sioni chini, tumbo limenikinga. Nahitaji kioo."

Misumari alitazama huku na huku. Kisha, kwa mguu, bila kuiachia baiskeli, aliivuta pikipiki yake karibu, akageuza kioo cha pembeni hadi kikamlenga Koki tumboni. Ndani ya kioo kile kidogo, ambacho kwa miaka kilimwonyesha malori yanayotaka kumpita, Misumari alimwona Mheshimiwa ana kwa ana.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Mdogo hivyo! Na kelele zote zile!"

Mheshimiwa, kama aliyesikia jina lake, akatoa neno moja fupi. Misumari aliitikia kwa kichwa, kama watu wanaposalimiana mkutanoni.

Koki alijifuta, akabandika bamba, akalishikilia kwa kiganja lipate joto lishike. Ni kazi ya kusubiri kidogo, na katika kusubiri huko Misumari aliuliza, bado ameshika kiti, "Na hao wengine wa wodini? Wanafanyia wapi?"

Koki alimweleza. Tundu sakafuni, mlango bila kitasa, mguu, mkono, gauni kwenye meno. Hakuongeza chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Misumari kumsikia akisimulia choo bila kumchekesha mtu.

"Nilikuwa nikupe yale masinki yenye ufa," Misumari alisema mwishowe. "Yale manne ya nyuma, yaliyokaa miaka. Wallahi sikujua."

"Mimi nilijua ungenipa yenye ufa. Nilikuwa nimeshaandaa gundi."

Misumari alimwachia kwa uangalifu, kama mtu anayemwachia mtoto anayejifunza kutembea, na Koki akaondoka kwa pedali zake mwenyewe, amevaa shati safi la Misumari lililomfika magotini. Misumari alimfuata kifua wazi.

Walifika wakati waandaaji wanakunja utepe na kupakia viti. Kila mwendeshaji alikuwa ameshaoga. Waliobaki ni mkewe Koki na Sista chini ya turubai, na upande wa pili kundi la mtaani, Fundi Vigae mbele yao, mikono kiunoni. Koki alivuka mstari, akafika mbele ya mkewe, na hapo tu, akiwa ameushika mkono wake, akateremsha mguu mmoja ardhini, kisha wa pili.

"Alishuka?" Fundi Vigae alimwuliza Misumari.

"Hakukanyaga chini."

"Apa."

"Naapa kwa duka langu."

Fundi Vigae alimkagua mwenye duka, kifua wazi, mikono ina madoa. "Shati lako kwa nini analo yeye? Na mbona mmechelewa hivi? Na hii harufu ni ya nini?"

Misumari alifungua mdomo. Kila mtu aliona kwamba ni kweli, mtu huyu hajui kudanganya: macho yalimtoka, akatazama angani, akasema, "Matope."

"Hakujanyesha."

Macho ya Fundi Vigae yalikuwa yameanza kung'aa. Harufu ya uongo huenda mbali kuliko harufu nyingine zote, na uongo mmoja ungetosha kuibomoa ahadi yote, kuanzia tofali hadi tangi. Koki aliliona hilo. Aliachia mkono wa mkewe, akashika pindo la shati refu la Misumari, akalipandisha hadi kifuani.

"Hii ndiyo harufu," alisema. "Anaitwa Mheshimiwa. Alipasuka kilimani, nikambadilishia nguo nikiwa juu ya baiskeli. Misumari alinishika, hakunisukuma. Na choo mlichoahidi ni cha watu kama mimi. Haya, anayetaka kucheka acheke sasa hivi, nina njaa, nataka kwenda nyumbani."

Mzee mmoja nyuma alisogea mbele akiwapangua watu kwa fimbo, akainama, akatazama mfuko kwa makini, kwanza kushoto, kisha kulia. Alikuwa mzee Shimo.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nasubiri nione wewe utapata jina gani. Umejipa Mheshimiwa. Mimi ukanipa Shimo." Akanyoosha mgongo. "Kumbe kwa kuchagua majina hujambo."

Kilichopasuka safari hii kilikuwa kicheko cha mtaa mzima, na aliyecheka kuliko wote, kwa mshangao wa wanafunzi wake wa zamani waliokuwepo, alikuwa mwalimu, mke wa Koki. Fundi Vigae peke yake hakucheka. Alikuwa akihesabu vigae.

Choo kipo sasa nyuma ya wodi, vyumba vinne. Masinki hayana ufa, na yameinuliwa hadi kiunoni. Urefu wake aliupima yule bibi wa gauni, akisimama mwenyewe ukutani huku Koki akitia alama ya penseli na kuambiwa "juu kidogo, mwanangu, wewe ni mfupi." Kila chumba kina bomba, ubao, kioo, na mlango wenye kitasa. Vioo na vitasa havikuwemo kwenye ahadi ya mtu yeyote. Misumari alivileta siku moja kwenye boksi, akasema vilikuwa vinamjazia duka. Na bomba la pumzi Koki aliliweka refu kuliko inavyohitajika, linapita paa la wodi, linaonekana hadi barabarani. Sista akiliona hutikisa kichwa.

Dukani hali imerejea kama zamani. Misumari amerudia maziwa na vitunguu, na mkewe amemrudisha chumbani. Mtaa wote unajua, kwa hiyo Mheshimiwa akihutubia hakuna anayegeuka. Isipokuwa siku anapokuwepo mteja mgeni. Hapo, sauti ikitoka, Koki hutazama makopo ya rangi, na Misumari, kabla mgeni hajauliza, huinua mkono juu kama mwanafunzi aliyejua jibu.

"Mimi huyo," husema. "Maharage."